Siki ya Raya

Harufu ya siki ikinifikia, hata ikiwa ya achari ya watu wanaokula kwa furaha zao, pua yangu hujifunga yenyewe. Papo hapo narudi uani kwetu Jang'ombe, kipupwe kile cha utotoni, mafua yamenishika na maulidi ya chuoni kwetu, tulikosomea Kurani, yanakaribia. Nilikuwa nimechaguliwa kuongoza kasida. Kila nikiosha vyombo nilijiona nimesimama mbele ya majamvi, nasoma, na bibi yangu analia kwa raha. Sasa sauti ilitoka kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Raya, binti wa ami yangu, aliyeitaka sana nafasi ile, akanibandika jina mbele ya wenzetu: Bi Kamasi.

Bibi alichemsha maji, akayaacha yawe vuguvugu, akatia chumvi kidogo, akaonja. "Yawe kama machozi," alisema. "Pua haigombani na machozi." Na kweli. Maji matupu ya kutawadhia yalikuwa yakinichoma mpaka katikati ya macho, lakini haya, nikiyavuta puani, yalipita kwa adabu kama wageni, nikapenga, na kila siku pua ikazibuka kidogo.

Ila mimi nilikuwa na haraka. Alasiri ya maulidi Raya akanikuta kwenye mfereji wa maji pale uani, kashika kikombe.

"Hayo ya bibi ya watoto wachanga. Hii siki ndiyo dawa. Pandisha barabara kama unatawadha, si kwa kuogopa kama uliyefunga."

Sote tulifundishwa hivyo: mwenye saumu hapandishi maji puani kwa nguvu, asiye na saumu hupandisha mpaka ndani. Raya alitaka ifike ndani. Nikaifikisha.

Ilikuwa moto, kichwa kizima. Damu ikadondokea kanga, pua ikavimba ndani hata pumzi haikupita. Jioni ile Raya aliongoza kasida, kajifunga mtandio wangu mweupe, na mimi nimekaa nyuma na pamba puani, naapa kulipiza.

Watu wananijua mwepesi wa huruma, nalia hata kifaranga kikikanyagwa. Lakini hili sikulisamehe.

Juzi Raya kaja kwangu na binti yake, Nunu, pua imeziba. Amechaguliwa kuongoza kasida.

"Mwanaisha, nitengenezee yale maji ya bibi. Yeye keshatangulia, umebaki wewe unayeyajua."

Nikachemsha, nikapoza, nikatia chumvi, nikaonja. Kisha nikatoa chupa ya siki kabatini, nikaiweka mezani kando ya bilauri ya maji yale. Raya akaitazama, rangi ikampotea.

"Utamfanyia mtoto wangu hivyo?"

"Anza wewe. Pandisha barabara, huna saumu."

Aliinamia beseni na bilauri mkononi, macho kayafumba, anausubiri moto. Nikamwacha ausubiri. Halafu akavuta, maji yakapita kimya. Alipoinuka mashavu yalikuwa yamelowa, na si kwa maji ya bilauri.

"Mama, yanauma?" Nunu akauliza.

"Hayaumi," Raya akajibu, bila kunitazama.

Nikamshika Nunu kichwa taratibu, nikamwinamisha. Utotoni niliota kisasi cha makelele, Raya akilia mtaa mzima usikie. Nilichokipata ukubwani ni pumzi chache tu za hofu yake, na nilizifaidi zote. Nunu sasa anaimba vizuri, pua imezibuka. Chupa ya siki sijairudisha kabatini. Iko pale pale mezani, na Raya akija kushukuru ataikuta.