Kufuata Rangi za Ukuta, kutoka Maganzo hadi Ushirombo

Niliondoka Maganzo kwa sababu ya kuta nyeupe. Nyumba yetu ilikuwa imekamilika, ya matofali ya kuchoma, bati juu na saruji chini, na mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa ameipaka chokaa ndani na nje. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na dukani hapakuwa na rangi ya nyumba hata kama fedha unazo. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuishi na vitambaa vya kila namna, na kila nilipoingia sebuleni kwangu nilihisi kama nimeingia kwa mtu ambaye hajahamia bado. Hata vitambaa nilivyofuma vya kufunika viti vilikuwa vyeupe, maana nyuzi nyingine hazikupatikana.

Aliyelisema jambo hilo waziwazi ni mama mkwe wangu, Bibi Veronika. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo aliyeolewa mbali na kwao tangu usichana, mjane, na Baba Kulwa alikuwa amemleta akae nasi uzeeni. Alishinda nje ya nyumba, upande wa jikoni, akiingia ndani kulala tu. Siku moja akafunga mzigo wake na kuniambia bila hasira yoyote kwamba nyumba yetu ni imara lakini haina sura. Kwao kuta zilichorwa, na mtu aliamka akiziangalia. Angerudi kwa dada yake na angekaa hukohuko.

Baba Kulwa alikuwa seremala na alikuwa na kazi ya watu mkononi, kwa hiyo akaniomba nimsindikize. Tulipokuwa wawili akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukiweza, rudi naye." Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Nilitaka arudi, ndiyo, lakini pia nilikuwa nimesikia habari za kuta hizo kwa muda mrefu, nami sikuwahi kuziona.

Alfajiri tulipanda basi la kwenda Shinyanga mjini. Baridi ya Julai ilikuwa bado nje, na mashamba ya pamba pembeni mwa barabara yalikuwa yamekwisha kuvunwa, yamebaki miti mikavu na nyuzi nyeupe hapa na pale. Tulishuka stendi ya Shinyanga. Hapo, wakati tukingoja basi la Kahama, nikaanza kumwonyesha kanga walizovaa wanawake waliopita. Nilimwuliza ipi angeiweka ukutani. Kwanza alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Halafu akapita mama mmoja mwenye kanga nyekundu ya pindo jeusi, na mama mkwe akanigusa mkono. Alisema nyekundu ile ni nzuri kwa kuwa pindo limeizuia. Isingezuiwa ingekuwa kelele. Nikamwuliza kuhusu ya njano, akasema njano ni chache, huwekwa pale unapotaka jicho litue. Tulipoingia kwenye basi tulikuwa tumekwisha kuwakagua nusu ya wanawake wa stendi, na nilijisikia kama msichana anayetoroka shule.

Kahama tulifika jioni, tukalala kwa binti wa ukoo wao. Asubuhi, kabla ya kutafuta lori, nilipita sokoni nikakuta mwanamke anauza vikapu vilivyosukwa kwa ukili mweupe na mweusi. Michoro ilizunguka kikapu kama meno yanayotazamana, na katikati ya meno palikuwa na njia nyembamba iliyopinda kulia na kushoto. Bibi Veronika alikigeuza kikapu kichwa chini, akapitisha kidole kwenye ile njia, akaniambia hiyo ni njia ya nyoka, na dada yake huichora ukutani ikiwa pana kama kiganja. Nikanunua kikapu. Nilikikumbatia safari nzima kama mtoto.

Kutoka Kahama kwenda Ushirombo tulipata lori lililokuwa likienda kuchukua pamba. Dereva alimweka Bibi mbele pamoja naye, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia matupu. Baada ya Masumbwe miti ilisogea karibu na barabara na udongo ukageuka, si ule mweusi na wa kijivu wa kwetu unaonata miguuni wakati wa mvua, bali mwekundu, kisha mwekundu zaidi, na mahali walipochimba mtaro palionekana tabaka la rangi ya chungwa bivu. Vumbi liliniingia masikioni na bado nilikuwa nimesimama, nimeshika ubao, nikitazama.

Ushirombo tulishuka karibu na misheni, tukatembea hadi kijijini kwa dada yake, Bibi Anastazia. Alitupokea kwa vigelegele. Nilimpa shikamoo nikiwa nimepiga goti, akaniitikia marahaba, mwanangu, akatuingiza ndani. Nikainua macho. Kuta zilikuwa tupu. Udongo wa kahawia, umesiribwa vizuri, na kalenda ya kanisa. Hapakuwa na kingine.

Bibi Veronika hakuketi. Alizunguka chumba akitazama kila upande, kisha akauliza kwa Kisumbwa, na dada yake akajibu polepole, na nilielewa kiasi cha kutosha. Walipohamia kijiji cha ujamaa miaka iliyopita, ile nyumba ya zamani iliachwa kule shambani. Hii mpya ilijengwa upesi, kila mtu akihangaika, na mwaka wa kwanza hakuchora, wa pili hakuchora, kisha mumewe akafa na mkono ukazoea kutofanya. Hakumwandikia ndugu yake habari hiyo kwa sababu hakuona kama ni habari.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akafunika uso kwa upindo wa kanga. Alikuwa ameacha nyumba ya mwanawe kwa ajili ya kuta ambazo hazikuwepo tena. Mimi nilikaa na kikapu changu mapajani.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili, tukaenda misa. Kanisani nilifuata sala nusu nusu, maana kitambaa cha altare kilikuwa kimetariziwa pindoni kwa meno yaleyale ya kikapu, mekundu na meusi, safi kabisa. Baada ya misa nikamwuliza Bibi Anastazia nani alikifanya. Akacheka kidogo. Alisema ni yeye na wenzake wa chama cha akina mama. Nikamwuliza kama mkono unaoweza sindano hauwezi ukuta. Sikuwa namchokoza; nilitaka kujua kweli. Tulipotoka uani mwa kanisa akasema, "Nyumba ya zamani bado imesimama upande mmoja. Twendeni tukaitazame kabla jua halijawa kali."

Kule shambani tulifika tukiwa watatu. Paa lilikuwa limekwisha kuanguka na majani yameota sakafuni. Kuta za nje zilikuwa zimeoshwa na mvua hadi hazina kitu. Lakini kona ya ndani, mahali kilipokuwa kihenge cha kuwekea nafaka, palikuwa na kipande cha ukuta kilichokingwa na mti ulioangukia pale. Bibi Anastazia aliondoa matawi. Chini palikuwa na mkanda mpana wa rangi nyekundu. Juu yake meno meusi yakitazamana na meupe, kisha njia ya nyoka, pana kama kiganja kweli, na pembeni vitone vyeupe juu ya nyeusi, vile wanavyoviita manyoya ya kanga, yule ndege. Nilisahau adabu zangu nikapiga magoti kwenye majani. Nilikuwa nimekuja na kipande cha kitambaa cheupe, nikakibandika ukutani na kunakili kwa mkaa.

Nyuma yangu dada wawili walikuwa wameanza kubishana. Mmoja alisema mama yao alianzia meno meusi chini, mwingine alisema juu. Walibishana kwa raha ambayo sikuwahi kuiona kwa mama mkwe wangu tangu afike Maganzo. Mwishowe Bibi Anastazia akasema kubishana shambani hakumalizi kitu, waende wakajaribu nyumbani.

Jumatatu wanawake wa jirani walikuja wenyewe, kwa kuwa habari ilikuwa imetembea tangu kanisani. Wawili walileta udongo mweupe wa mtoni. Nyekundu tulichimba kando ya njia. Nyeusi tulipata kwa masizi ya vyungu na mkaa uliosagwa. Bibi Anastazia alikata matawi ya minyaa kwenye ua, akakinga ule utomvu mweupe na kuuchanganya kidogo kidogo kwenye rangi ili zishike, akinionya nisijiguse macho, maana utomvu huo unaweza kumpofusha mtu. Nikafunga mikono yangu kwa matambara.

Tulifanya kazi kwa vidole, kwa viganja na kwa vijiti vilivyotafunwa ncha. Dada wawili waligawana ukuta wa sebule, kila mmoja na upande wake, mmoja akianzia meusi chini na mwingine akianzia juu, na waliposogea kukutana katikati ilibidi njia ya nyoka ipinde mara moja zaidi ili pande mbili ziungane. Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi nilipewa mkanda mwekundu, kazi ya mtu mgeni, na nilijivunia mkanda ule kuliko gauni lolote nililowahi kushona. Jua la alasiri lilipoingia mlangoni, chumba kilekile cha kahawia kilikuwa kinawaka.

Siku ya kuondoka nilikuwa na mfuko wa udongo mwekundu, mwingine wa mweupe, na kitambaa changu cha mkaa. Nilipiga goti kumuaga mama mkwe. Sikumwomba arudi. Sasa alikuwa na dada yake na ukuta wake, na niliona si haki kumng'oa. Lori lilikuwa limekwisha kuwaka alipotoka ndani na mzigo wake kichwani. Alimpa dereva, kisha akanitazama.

"Huo udongo utauharibu peke yako," akasema, akapanda mbele.

Tulirudi Kahama, na kutoka hapo hatukuelekea nyumbani. Bibi Anastazia alikuwa ameniagiza Bugarama, kwa mwanawe Petro aliyekuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, akisema njano nzuri iko huko. Bugarama tulikuta mahema ya turubai, moshi, na watu waliotapakaa vumbi hadi nyusi. Tulisalimiana mwangaluka kwa Kisukuma, na Petro akatoka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, akamkumbatia mama yake mdogo. Aliposikia tulichofuata alidhani tunatania. Kisha akatupeleka nyuma, kwenye vilima vya udongo walioutoa chini na kuutupa. Kulikuwa na njano ya ufuta, njano ya ndizi mbivu, na moja iliyokaribia rangi ya asali. Wenzake walisimama kututazama tukichagua mafungu, tukiyalowesha kwa mate na kuyapaka mkononi kuona yanakaukaje. Mmoja akauliza kwa wasiwasi kama tumeona kitu ambacho wao hawakukiona. Bibi Veronika akamjibu kwamba ndiyo, tumekiona, akafunga fundo la kanga yake.

Maganzo tulifika mchana. Baba Kulwa alimwona mama yake akishuka, akaacha msumeno pale pale. Kesho yake tulianza. Chokaa ya ukutani ilikunywa rangi ya kwanza ikabaki hafifu, tukaikwangua, tukasiriba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukapaka tena. Baba Kulwa alitaka mistari iwe sawasawa akaja na rula yake. Mama yake akaitumia kukorogea rangi. Sebule ikapata mkanda mwekundu chini, meno meusi na meupe, na njano sehemu chache tu. Nami nikakata mabaki ya vitambaa vyangu, nikashona foronya za mito ya viti zenye vitone vya kanga. Ukuta wa barazani tulichora mwisho, na watu waliopita kwenda Songwa walipunguza mwendo. Mama mmoja alishuka kwenye baiskeli ya mumewe akaomba kuingia.

Kisha, mwishoni mwa mwaka, mvua zikaanza. Mvua ya kwanza yenye upepo ilipiga baraza, na asubuhi nikakuta njia ya nyoka imetiririka hadi chini, nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Nilisimama pale nikitaka kulia. Bibi Veronika alitoka, akautazama ukuta, akauliza kama udongo wa Bugarama umebaki. Nikamwambia umebaki kidogo. Nilimwambia pia kwamba kitambaa cha mkaa ninacho, tunaweza kuurudisha ulivyokuwa.

Alishangaa. Alisema mama yao hakuwahi kuchora ukuta mmoja mara mbili. Kila mvua zilipokwisha aliuliza watu wa nyumba mwaka huo wanataka kuona nini. "Ule wa kwanza ulikuwa wa kwetu Ushirombo," akasema. "Huu sema wewe."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, na nilijifunza nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Mvua zilipokatika nilileta ndoo ya maji, nikakaa mbele ya baraza nikifikiri, kisha nikaanza kuchora sindano na uzi wake, mrefu, mwekundu, kuanzia mlangoni. Mama mkwe alikuja nyuma yangu na kopo la masizi, akauwekea uzi ule pindo.