Nyonga ya Alfons Hruska

Vlasta Hruska alijua kuna kitu kimeharibiwa kabla hajavua koti. Alisimama mlangoni mwa studio, huko Austin, saa nne asubuhi, akausikiliza mkono wake wa kushoto ukitoka kwenye spika. Ulikuwa mkono wa miaka thelathini na saba iliyopita, ukitwanga bugi, ule muziki wa piano wa kudunda, bila kupumzika, sawasawa kama cherehani. Mkono ulikuwa wake. Mwendo haukuwa wake.

"Ingia, dada," alisema Dub Pettus, aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao. Mtungi wa oksijeni ulikaa miguuni pake kama mbwa mzee. "Sikia hiyo. Tulikuwa moto, siyo?"

"Hiyo ni nini?"

"Ni bugi ya mwisho. Ile ya Hallettsville."

"Siyo," alisema Vlasta.

Hallettsville ndiko alikozaliwa, katika shamba la pamba na ng'ombe, nyumba ambamo watu walisali kwa Kicheki na kuuza ndama kwa Kiingereza. Alipokuwa na miaka tisa, mjomba wake Emil, mpiga kodiani wa bendi ya polka, alimkalisha kwenye piano ya ukumbi wa parokia akampa sheria moja. Usitazame vidole, alisema, havikimbii. Usimtazame mpiga ngoma, atakufuata. Tafuta wazee kuliko wote sakafuni, upige kwa kufuata miguu yao. Wachezaji huko huzunguka ukumbi kama maji kwenye beseni, na wazee wakiweza, kila mtu ataweza.

Alikua akitengeneza piano za makanisa na shule, funguo za kukazia nyuzi zikigongana kwenye mkoba. Alipofika miaka ishirini na miwili, Dub alikuja na basi bovu na wanaume wanne wa nywele ndefu waliochanganya kantri na roki, wakitafuta mtu wa kuwapigia bugi. Akaenda nao miaka sita. Walipigia wanafunzi walevi, madereva wa malori, askari waliorudi kutoka vitani wasiotaka kuguswa. Kila ukumbi, jambo la kwanza, Vlasta alitafuta wazee.

Kisha ikaja Jumapili moja ya sikukuu ya parokia kwao Hallettsville, alasiri, lori la mitambo ya kurekodi limeegeshwa nje karibu na jiko la soseji. Baba yake, Alfons, alikuwa amepondwa nyonga na trekta masika yale, na alishasema kwamba habari ya dansi kwake imekwisha. Bugi ya mwisho ilipoanza, alimshika mkewe Albina mkono, wakaingia sakafuni. Walizunguka mara nne. Kila walipofika kona ya kaunta ya bia, penye mbao zilizoinama, mguu wa Alfons uliburuta, na Vlasta aliuzuia mkono wake wa kushoto hadi mguu ule ufike. Walipotoka kwenye kona aliuachia. Bendi nzima ilimfuata bila kujua inamfuata nani.

Alfons alikufa kabla ya Krismasi. Hakuna aliyepiga picha siku ile.

"Ni mimi niliyerekebisha," alisema Craig Lindqvist, fundi wa sauti kutoka Los Angeles, aliyetumwa na kampuni iliyotaka kuitoa rekodi ile ya zamani, mtu mpole mwenye mvi masikioni. "Mwendo ulikuwa unayumba, mama. Nimeunyoosha. Siku hizi msikilizaji akisikia unayumba anadhani piano imelewa."

"Mama yako yuko kwenu. Mimi ni Vlasta. Nani kakwambia unayumba?"

"Kompyuta inaonyesha."

"Na siku ile kompyuta ilikaa meza gani?"

Dub alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Rudisha ulivyokuwa," alisema Vlasta.

"Kampuni imeshaupitisha hivi. Kuuondoa wimbo kwenye rekodi ninaweza hata leo. Kuubadilisha ni kuanza foleni upya. Mwakani, pengine."

Mezani palikuwa na karatasi ya idhini, yenye orodha ya nyimbo kumi na mbili. Wenzao wote waliobaki hai walikuwa wametia sahihi. Dub aliisukuma kuelekea kwake kwa kidole kimoja.

"Vlasta, mimi mwakani sina. Daktari hata hanizungushi tena. Nataka niishike rekodi hii mkononi, basi."

"Utaishika. Ya nyimbo kumi na moja."

"Bugi ndiyo rekodi yenyewe, we mwanamke. Watu wanaingoja hiyo."

"Wanangoja tuliyopiga. Hii hatukuipiga."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Dub akapumua mara mbili kupitia bomba. "Baba yako hayumo kwenye kanda," alisema taratibu. "Mle mna piano tu."

Vlasta alihisi damu ikimpanda hadi kwenye meno. Miaka sita alimwendesha mtu huyu akiwa amelewa, alitapikiwa naye viatuni, alimdanganyia wake zake wawili kwenye simu, na hakuwahi kumkasirikia hivi.

"Wewe ungemwona wapi?" alisema. "Siku ile nzima ulikuwa unatafuta sura yako kwenye miwani ya wasichana. Craig, weka kanda ya asili."

Craig alimtazama Dub, kisha akaiweka.

Ilianza na vurugu ya chupa na vicheko, kisha piano ikaingia. Vlasta alivuta kalamu, akapiga mstari juu ya wimbo wa kumi na mbili, ile bugi, akakandamiza hadi karatasi ikachanika. Akatia sahihi chini.

"Umeninyima," alisema Dub.

Vlasta aliweka kalamu chini. Kwenye spika bugi ilikuwa inakaribia kona. Mkono wa kushoto ukasita, ukangoja, ukaachia. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Dub alikuwa amegeuzia uso ukutani, midomo imekuwa ya samawati kwa hasira au kwa kukosa pumzi.

"Zima, Craig," alisema.

"Usizime," alisema Vlasta, macho kwenye spika. "Bado hajamaliza mzunguko."