Korongo wa Mtumba

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, mimi niliyeishia darasa la pili nilikuwa na meza yangu ya mitumba sokoni Morogoro. Makoti yangu yalivaliwa hadi milimani Uluguru, kule juu kwenye baridi. Sikushikwa mkono na mtu. Siku moja nikakuta darubini ndani ya koti. Mwingine angeiuza. Mimi niliivaa shingoni, na kila kiangazi, mashamba ya nyuma ya Kihonda yakishakauka, nilikwenda kutazama ndege.

Korongo weusi tuliwazoea. Wale weupe, wenye mabawa ya ncha nyeusi na miguu myekundu, ungeweza kukaa miaka usiwaone. Kiangazi kimoja akaja mmoja, peke yake, anaokota panzi. Mguuni ana pete.

Maneno yakaanza. Ndege havai pete, huvishwa. Kavishwa na mchawi gani? Wakaulizana nani kaezeka bati juzijuzi, na nani hushinda porini na ndege. Jibu likawa mimi. Mke wangu alipofika bombani wanawake wote walimpisha, wakasogeza ndoo zao mbali na yake. Akarudi ndoo imejaa na macho yamejaa.

Nikaenda kumtazama yule korongo kwa karibu. Pete ilikuwa na maneno ya kizungu, kama yale yaliyopigwa kwenye marobota yangu. Nikaelewa.

Jumapili nikakuta watu wamemzunguka. Nikawaambia huyu katoka Ulaya, kama makoti mliyovaa. Mtani wangu Mnyamwezi, tuliyepakana meza sokoni, hakukawia.

"Kumbe naye mtumba! Kaingia kwa ruksa."

Wakacheka, nikadhani yamekwisha. Lakini fundi mmoja wa matofali hakucheka. Akataka kujua meli iliyomleta, kisha akaokota jiwe.

"Mluguru, sema mbele za watu. Kama si wako, namuua."

Ulikuwa mtego mzuri. Nikisema si wangu, jina langu linasafika pale pale na korongo anakufa. Niliangalia darubini yangu, nikamwangalia yule ndege, anameza panzi bila habari.

"Ni wangu," nikasema. "Tupa sasa."

Jiwe likamponyoka, likamwangukia mwenyewe kidoleni. Kufumba na kufumbua shamba lilikuwa jeupe, wote wamekimbia. Mtani tu ndiye aliyebaki, akasema nimejiroga mwenyewe.

Korongo akakaa mpaka mawingu ya masika yalipofunika Uluguru. Akapanda na joto la mchana, akazunguka bila kupiga bawa, akaenda zake. Jina akaniachia mimi. Sijutii. Wapo hadi leo wanaonipa shikamoo wamesimama mbali, nami naitikia marahaba kwa sauti ya kuwafikia. Marobota yangu yalilala sokoni bila mlinzi, na hayakuguswa.

Mke wangu alininunia wiki nzima. Kisha akazoea. Akifika bombani hasubiri kupishwa, anapita mbele.