Mkwe na Mkamwana Katika Mtumbwi Mmoja

Harufu ya mpunga uliolowa hunirudisha kijijini kwetu Bujonde hata nikiwa nimekaa Ipinda, katikati ya mashine zangu mbili za kukoboa nilizozinunua kwa jasho langu, bila kushikwa mkono na mtu. Ni harufu nzito, yenye uchachu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Vijana wangu huziba pua. Mimi huivuta mpaka mwisho. Niliishia darasa la saba, na leo wenye vyeti wanakuja kuniomba kazi, lakini neno moja la Kiingereza nililijua kuliko mwalimu aliyenifundisha, maana mimi nililijulia ndani ya maji.

Nilikuwa darasa la sita, masika. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mgeni kutoka mbali, aliandika ubaoni "give up", akatutuma tukatafute nyumbani njia tano za kusema jambo hilo, pamoja na sentensi moja ya Kiingereza kuhusu kitu kilichotokea kweli. Alisema wenye lugha yao wanalitumia asubuhi mpaka jioni: mtu akiacha tumbaku, akimpisha mwenzake kiti, akikata tamaa na mgonjwa, akishindwa kitendawili akatoa mji. Kazi ile niliipeleka kwa mama. Mama hakukaa darasani hata siku moja, lakini kwa kubadilisha maneno hakuwa na mpinzani kijiji kizima, na sababu yake ilikuwa babu, baba yake baba.

Kwetu Wanyakyusa, enzi hizo, mke hakumtazama baba mkwe wake. Tuliita ukutila. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite. Hali naye, hasemi naye, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Jina la babu lilifanana na neno letu la mvua. Sasa fikiria mwanamke wa Kyela, mahali ambapo mvua haipiti bali inahamia, asiyeruhusiwa kuitaja. Mama aliiita mgeni wa milimani, kwa kuwa huanzia kwenye milima ile iliyo juu ya Matema. Au maji ya juu. Ikija na radi, mwenye ngoma. Basi nilipomwuliza habari ya kukata tamaa alizitoa bila kusimamisha ungo: kuweka jembe chini, kulegeza kamba, kumwachia mto mtumbwi, kutoa mji, kugeukia ukutani. Tano kamili. Ile sentensi ya kweli ndiyo iliyotushinda.

"Hiyo ngoja," alisema. "Hapa kwetu bado hakuna aliyeacha kitu."

Siku ya tatu yake, asubuhi, mto ulivunja kingo. Baba alikuwa ng'ambo ya mpaka, Karonga, kwa shangazi, akiuza mchele. Wanaume wa jirani walikuwa wamepeleka ng'ombe mwinukoni. Nyumba ya babu ilikuwa bondeni kuliko yetu, naye alikuwa na mguu mbovu. Mama alishusha mtumbwi, akajifunika kanga mpaka puani, tukaenda. Nilimkuta babu ameketi kitandani, maji yamebakiza kiganja kimoja kufika godoro.

"Mwambie mama yako arudi," alisema. "Mwacha mila ni mtumwa. Nitawangoja wanaume."

Mama alikuwa nje ya mlango, hatua mbili, anasikia kila neno. Hata hivyo nilitoka, nikamfikishia.

"Mwambie babu yako wanaume wako na ng'ombe," alisema. "Na maji hayana mkwe."

Nikaingia tena kumweleza. Babu aliyatazama maji, akasema sawa, ila mama akae mbele na asigeuke. Hapo ndipo tulipokosea. Mtumbwi husukumwa na mtu aliye nyuma, kila mtoto wa Kyela anajua. Lakini mama angekaa nyuma angekuwa anamtazama babu kisogoni safari nzima, na hilo halikuwezekana. Akasimama mbele na upondo wake, mimi nikakaa katikati kama pazia, babu nyuma. Mtumbwi ukawa unayumba, tukagonga kisiki cha mgomba. Babu akatumbukia. Hakupiga kelele, maana kupiga kelele kungekuwa kusema na mama. Nilisikia mshindo tu, nikageuka, nikaona kofia.

Nikamwita mama, naye akageuka. Alinyoosha upondo, babu hakuushika. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Babu alikuwa ameacha. Mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyelala. Mama aliruka, maji yakamfika kifuani, akamkamata shati, akamwita kwa jina lake zima, kwa sauti, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Babu akafumbua macho, akamkumbatia shingoni. Mama akamkokota hivyo hivyo mpaka uwanja wa kanisa, kwenye kilima, mimi na mtumbwi nyuma.

Watu wote waliokimbilia pale waliona. Mama alisimama pembeni, mbali na moto waliouwasha watu: mke aliyemshika mkwe wake aliweza kurudishwa kwao. Babu alikohoa maji, akakohoa tena, kisha akamtazama usoni.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Asante. "Njoo uote moto hapa, na mimi."

Mama aliketi chini palepale alipokuwa, akalia huku anacheka. Mimi nikapumua kama niliyekuwa chini ya maji tangu asubuhi.

Shule ilipofunguliwa niliandika kwamba babu yangu ali-give up. Mwalimu akauliza aliacha nini. Nikamwambia viwili: kutapatapa, na kukwepwa. Cha kwanza babu alikirudia mlemle majini; cha pili, kamwe.

Leo mke wa mwanangu anakaa nami meza moja, ananipokonya paja la kuku huku ananitania kitambi, na mimi, bosi wa watu wote hawa, nacheka. Mama ni mzee sasa, anaishi kwangu, nyumba ya vigae. Wingu likishuka kutoka milimani hutoka barazani kuwaamuru vijana waanue mpunga. Huitaja mvua kwa jina lake, wazi, mara mbili, ingawa mara moja ingewatosha.