Fisi Anayefanya Kazi Mchana

Fisi wangu anaogopa giza. Hilo ndilo jambo la kwanza kujua kumhusu, na ndilo ambalo watu wazima wa mtaa wetu hapa Utemini walikataa katakata kulisikia. Anaogopa giza, kwa hiyo anafanya kazi mchana, na kazi yake ni kubeba watoto waliochelewa shule. Hataki nauli, anataka kuchekeshwa. Mtoto asiyejua kuchekesha atembee. Mguu wake mmoja wa nyuma ni mfupi, kwa hiyo abiria wake wote wanashuka wakiwa wameinamia upande.

Nilimtunga kwa ajili ya binti yangu alipoanza darasa la kwanza. Njia ya shuleni kwao inapita katikati ya mawe makubwa, na miezi ya baridi upepo wa kwetu unampiga mtoto usoni kama vile ana ugomvi naye. Alikuwa analia njia nzima. Asubuhi moja nikamwambia nyamaza, fisi anakuja, wewe andaa kichekesho. Akanyamaza, akaanza kuandaa. Mpaka tunafika getini alikuwa na habari ya kuku aliyemeza kengele ya shule. Kesho yake akaniuliza fisi anakula nini. Nikasema mashudu, kwa sababu nauza mafuta ya alizeti na mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ndiyo yamejaa uani kwetu. Kesho yake tena akauliza kama ana mama. Nikaona hiki kitu kinataka kuandikwa, nikakiandika, na picha nikachora mwenyewe.

Sikuanza juzi. Nimekulia Issuna kwa bibi yangu, mzaa mama, na bibi alikuwa na hadithi za kutosha kijiji kizima. Ila alikuwa na sharti: jua likiwa juu hasimulii. Anayesimulia hadithi mchana anaota pembe. Wajukuu wote tulijua hivyo, na aliyesahau akaanza kusimulia machungani alishikwashikwa kichwa na wenzake hadi jioni.

Msimu mmoja tu sharti lilikuwa linalegea, msimu wa kupiga alizeti. Tunakaa chini kuzunguka turubai, kila mtu na fimbo yake, tunapiga vichwa vya alizeti mpaka mbegu zitoke. Vumbi linawasha shingo, jua kali, watoto wanaanza kutoroka mmojammoja. Hapo bibi anachomoa unyasi mmoja mkavu, anauchomeka utosini chini ya kanga yake, anaanza kusimulia. Hakuna anayetoroka tena. Alisema unyasi ule ni kinga. Pembe zikija zinakuta mahali pameshakaliwa, zinarudi zilikotoka.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Nikamuuliza, kama unyasi mmoja unatosha kuzuia pembe, kwa nini asiuweke kila siku akasimulia kila siku? Alinitazama, fimbo ikiwa hewani, akasema mimi nitakuja kusumbua watu.

Nimewasumbua. Sekondari nilisoma Ikungi, na siku tulipopewa insha ya tukio nisilolisahau, niliandika habari ya jiwe la nyuma ya bweni lililochoka kukaa mahali pamoja, likanyanyuka kwenda ziwani kunywa maji. Niliandika kwa raha ambayo sijawahi kuipata katika somo lolote. Mwalimu akairudisha na neno moja kwa wino mwekundu, ameliandika kwa kukandamiza: UONGO. Chini yake akaniagiza niandike jambo lililotokea. Sikuandika. Nilichukua sifuri yangu nikakaa nayo. Neno lile nalikumbuka mpaka leo, hata lilivyotoboa karatasi.

Kidato cha nne nikamaliza, nikaolewa, nikazaa, nikaendelea kuandika. Mara moja nilifanikiwa kuongea kwa simu na mtu anayetengeneza vitabu huko Dar es Salaam. Alisema fisi ni mzuri ila hana funzo. Ningeweza kumfanya awafundishe watoto kunawa mikono? Nikamwambia fisi wangu hanawi. Mazungumzo yakaishia hapo. Nina hasira na jambo hilo na sitaki kutulia. Watoto wa huku kila kitabu wanachopewa kinawaambia wanawe, wachemshe maji, wasichezee moto. Wanajua. Wamechota hayo maji wenyewe. Nani atawaandikia kitu cha kuwafanya wachelewe kulala kwa sababu wanataka kujua kesho fisi atasema nini?

Sasa binti yangu yuko darasa la pili. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo ndefu, mwalimu wake wa darasa aliwasimamisha watoto mmojammoja waeleze waliyofanya. Wengine walichunga mbuzi, wengine walikwenda kwa shangazi. Binti yangu alisimama akasema kwamba mama yake ana fisi, anakaa uani, anakula mashudu, na likizo yote alikuwa akimpanda mgongoni.

Kama wewe si mtu wa huku, labda umecheka. Huku halichekeshi. Huku mwenye kufuga fisi ni mchawi, na mwenye kumpanda ni mchawi aliyebobea. Ukisema kwenu kuna fisi wa kupanda, umeshatoa maelezo yote ambayo watu walikuwa wanayahitaji. Na mtu asiniulize kama nilikuwa sijui. Nilijua. Nilimchagua fisi kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka kuwanyang'anya wale watu wa usiku mnyama wao, nimpe mtoto wa miaka saba ampande mchana kweupe na begi lake mgongoni.

Wiki haikuisha, wenzake wakahama dawati. Alikuwa anakaa na wenzake wawili, akabaki peke yake na upana wote ule. Wateja wangu wa mafuta wakaanza kukatia kona kabla ya kufika kwangu. Bombani nikawa Mama Fisi. Mwanamke mmoja, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, aliniuliza mbele ya wenzake kama yule fisi wangu anaweza kumchukua kwenda mnadani. Nikamjibu anaweza, ila kwa uzito ule fisi anaogopa kuvunjika mguu wa nyuma uliobaki mzima. Walicheka, lakini ndoo zao walizisogeza mbali na yangu.

Kisha nikaitwa shuleni. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia, akanipa kiti. Akasema yeye binafsi hayaamini mambo hayo. Wote binafsi hawaamini. Shida ni wazazi, wamelalamika, na shule lazima itulie. Akaniambia alivyopanga: mtoto asimame mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima.

"Ni sentensi moja tu, mama," akasema. "Nilisema uongo, naomba mnisamehe. Tunaimba wimbo wa taifa, yanaisha."

Niliuona ule wino mwekundu. Niliuona kabisa, pale mezani kwake.

Nikamwambia hatasema. Akasema basi abaki nyumbani mpaka atakapokuwa tayari kusema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, bila kuzunguka: mwanangu ajiite mwongo mbele ya shule nzima, au asisome.

Mume wangu yuko Itigi kikazi, nikampigia. Alisema mwache mtoto aseme, neno halivunji mfupa. Nikakata simu kabla sijamwambia la kuvunja mfupa. Aliyenichoma zaidi ni mama yake, ambaye tunaishi naye. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Yeye ana maneno machache na anajua pa kuyaweka. Alikuwa anachambua mlenda. Hakunyanyua kichwa. Akasema amenisikia mara nyingi hapo uani nikimsimulia mtoto hadithi saa za kuanika nguo, jua likiwa utosini, akanyamaza kwa sababu mimi nimesoma. Sasa pembe zimekuja, ila zimeotea kwa mtoto.

Nilichukua ndoo nikatoka, na haikuwa na sababu ya kujazwa.

Binti yangu alinifuata mpaka nyuma ya nyumba. Alikaa kwenye jiwe, akachezea vidole vya miguu yake kwa muda. Kisha akauliza, "Mama, nikisema nilidanganya, fisi ataondoka?"

Watu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa na kiburi. Wao hawakuulizwa swali lile. Nilimwambia fisi haondoki kwa kufukuzwa na mwalimu, halafu nikavaa viatu nikarudi shuleni. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba mkutano wa wazazi upo Ijumaa, anipe nafasi. Hadithi ni yangu, mtoto kaitoa kwangu, basi nitaisimulia yote mwanzo mpaka mwisho mbele ya hao wanaolalamika. Wakishaisikia wakaona ni uchawi, waniambie mimi, nina miaka inayotosha kuambiwa. Alikuna shingo. Akasema ataniweka kwenye mengineyo.

Mengineyo yalifika jua likiwa katikati kabisa. Tulikuwa darasani, wazazi tumejibana kwenye madawati ya watoto wetu, magoti yamegusa kidevu, na bati linalia kwa upepo. Watoto walikuwa wameambiwa wakacheze uwanjani, kwa hiyo wote walikuwa madirishani. Wangu, niliyekuja naye, alikuwa dirisha la mbele, ameshika nondo kwa mikono miwili. Nyuma kabisa nilimwona mama mkwe wangu. Sikumwalika. Nikajua amekuja kutoa ushahidi dhidi yangu.

Nilisimama. Sijafika hata sentensi ya pili, baba mmoja wa mstari wa mbele, fundi baiskeli ninayemfahamu, akanyanyua mkono. Hakuwa ananitania. Alionekana ana mashaka ya kweli.

"Samahani, dada," akasema. "Unataka kusimulia hadithi saa hizi? Mchana huu?"

Nilitegemea kicheko. Hakikuja. Madawati yalilia, watu wakageukiana, mama mmoja akatoka nje kwenda kumtoa mwanawe dirishani. Nikatazama zile nyuso na nikaelewa kwamba nilikuwa nimejiandaa vibaya. Nilikuja na majibu yote ya fisi, wakati nusu yao fisi hawakumjali. Waliogopa saa. Na kwa hilo la saa, cheti changu cha kidato cha nne hakikuwa na msaada wowote.

Mama mkwe akanyanyuka kule nyuma. Nikasema moyoni, haya, imekwisha. Alikwenda kona ya darasa palipoegemezwa ufagio, akachomoa unyasi mmoja, akaupima kwa jicho, akautupa, akachomoa mwingine. Akaja mbele taratibu, akipita katikati ya magoti ya watu. Akasogeza kilemba changu bila kuniomba, akauchomeka ule unyasi utosini kwa nguvu mpaka nikajikunja.

"Haya," akasema. "Zikija zitakuta pana mtu. Simulia, na usirefushe, nimeacha mboga jikoni." Akamgeukia fundi baiskeli. "Na wewe usijifanye hujui. Marehemu mama yako tumepiga naye alizeti, kichwa chake kilikuwa nyasi tupu kama kiota."

Hapo ndipo walipocheka, fundi mwenyewe wa kwanza.

Nikasimulia. Nilieleza fisi alivyoanza kuogopa giza, siku ndugu zake walipomwambia aje apandwe na watu wa usiku, naye akauliza kwa nini lazima iwe usiku, wakakosa jibu, wakamfukuza. Nilieleza alivyokaa njiani peke yake hadi akapita mtoto aliyechelewa, analia. Nilipofika kwenye abiria wanaoshuka wameinamia upande, madirisha yote yaliinama. Watoto wote, nondo hadi nondo. Binti yangu aliinama zaidi ya wote mpaka akapotea, akarudi.

Sitasema kila mtu alifurahi. Mama yule aliyemtoa mwanawe hakurudi, na mwanawe mpaka leo anakaa dawati la mbali. Wengine walitoka wakiwa kimya, na kimya cha aina hiyo nakifahamu. Mwalimu mkuu alisimama, akashukuru, akasema mkutano umefungwa. Nikabaki nimesimama palepale na unyasi wangu kichwani.

"Na ile sentensi, mwalimu?"

"Mama, hayo si tumeshayamaliza."

"Nataka wasikie."

Akatazama wazazi, akatazama madirisha. "Hatasema," akasema. "Jumatatu aje darasani."

Njiani kurudi nilijaribu kumshukuru mama mkwe, akanikatiza. Alisema hadithi ilikuwa ndefu, na fisi gani huyo, toka mwanzo mpaka mwisho hajala mtu hata mmoja. Ningemuuliza yeye kabla ya kuandika. Nikamwambia bado kuna kitabu cha pili. Akasema basi ndani ya hicho ale mtu, na alikuwa na pendekezo la nani, ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu yule mwanamke wa bombani ameanza tena kununua mafuta kwangu.

Mimi ndiye Mama Fisi. Naitika. Naandika saa saba za mchana, uani, mlango wa nje ukiwa wazi, magunia ya mashudu upande mmoja na binti yangu upande mwingine ananikosoa. Kabla ya kuanza anakwenda jikoni kuniletea unyasi, na ufagio wetu umebaki na upara. Anayetaka kukagua kama pembe zimeota, apite. Hata hodi asipige.