Mizani ya Kahawa na Usipa wa Bibi

Nilipokuwa na miaka tisa nilivimba uso, miguu, hata tumbo. Daktari alisema figo zangu zinavujisha protini kwenye mkojo. Nikapewa vidonge vya mwezi mzima. Visiponisaidia, ningepelekwa Dar es Salaam, na pale kwetu Mbuji hapakuwa na mtu aliyewahi kufika huko.

Kila asubuhi mama alichemsha mkojo wangu katika kichupa cha kioo alichopewa hospitali. Ukiganda mweupe kama ute wa yai lililochemshwa, protini bado inavuja. Baba naye alinining'iniza kwenye mizani yake ya kahawa. Aliinunua wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia kijijini, maana hakuiamini mizani ya yeyote kati yao. Juma la kwanza nikaongezeka kilo mbili, akapiga makofi! Mkulima wa kahawa hajazoea kusikitikia uzito. Daktari alimweleza mara tatu kwamba yale ni maji tu, na kwamba nisionje chumvi, maana huyazuia mwilini.

Juma la tatu mkojo ukaanza kubaki safi, nami nikawa napungua. Baba akajifunza kushangilia kilo zinazopotea. Ndipo bibi, mzaa mama, alipopanda kutoka Ngumbo na kikapu cha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa.

"Jamani, mtoto amekwisha huyu!" alilia aliponiona.

Siku tatu alinilisha usipa wa chumvi nyuma ya jiko, kwa siri. Mungu anisamehe, sijala tena kitu kitamu kama kile.

Siku ya nne mizani ikapanda na macho yangu yakavimba. Baba akaanza kufunga mzigo wa safari ya Dar es Salaam. Hofu ikanishika.

"Ni usipa, baba," nikasema. "Bibi alinipa."

Mama akachemsha mkojo. Haukuganda. Tulipomweleza daktari, alicheka mpaka akavua miwani.

"Figo zimeshatii," alisema. "Bado bibi."

Bibi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa ziwani, aliyezoea kusema chakula kisicho na chumvi ni cha wafu. Lakini alikaa kwetu mpaka nilipopona kabisa, na kila mlo alikula nami sahani moja, ugali na maharage yasiyo na chumvi.

"Kitamu," alisema kila mara, akishushia na maji.