Kuitika si kufika

Jumanne nilikuwa mahakamani, ghorofani, karani alipotoka mlangoni kuita jina la mshona kofia mmoja wa Bondeni, mzee aliyepooza miguu. Ameishtaki ofisi iliyomnyima leseni kwa sababu hakupanda ngazi mwenyewe kutia sahihi. Ofisi yajitetea kuwa iko wazi kwa kila mtu. Na desturi ya mlangoni ni moja: ukiitwa mara tatu usitokee, kesi yako hufutwa.

Mwito wa tatu ulijibiwa kutoka chini ya ngazi. "Naam! Niko hapa!"

"Ameitika, mheshimiwa," akasema wakili wake, binti mmoja.

"Kuitika si kufika," akasema wakili wa ofisi, akitabasamu.

Hakimu, mama wa makamo, alivua miwani akamtazama. Kisha akafunga jalada, akainuka. "Basi tumfikie sisi. Wakili, nibebee kiti changu."

Wallahi, taipureta zilinyamaza, na sote tukateremka nyuma yake kama watu wanaomsindikiza bwana harusi. Kiti ni cha mvule. Wakili wa ofisi alikitua mbele ya mzee akihema, jasho limemfika kwenye tai.

"Ofisi ya mteja wako iko ghorofa ya ngapi?" hakimu akamuuliza.

"Ya tatu, mheshimiwa."

"Haya. Endelea na hoja yako kwamba iko wazi kwa kila mtu."

Hukumu ni mwezi ujao. Sijui itasemaje, ila najua itasomewa wapi.